Koo la Nne

Meli ya Goma ilikuwa imechelewa saa mbili, na watu walioingoja walikuwa wamekwisha kugombana, kupatana na kugombana tena, pale Séraphine alipopata mahali pa kusimama karibu na lango la bandari ya Bukavu. Alikuwa amefuata robota la vitenge la tajiri wake, mwenye karakana ya ushonaji huko Nyawera. Alivaa gauni la buluu lenye maua ya manjano, alilojishonea mwenyewe, mabega yameinuliwa kidogo, kiuno kimekazwa kwa adabu. Maana fundi wa nguo hutembea na tangazo lake mwilini. Ziwa lilinuka mafuta ya injini na dagaa wabichi waitwao sambaza.

Hapo ndipo simu ya mtu ilipolia nyuma yake.

Haikulia kama simu za wengine, zenye rumba au nyimbo za kwaya. Ulikuwa muziki mwembamba wa kielektroniki, kama matone ya mvua yaliyofundishwa kudondoka juu ya bati kwa mpangilio.

"Ngazi ya maji," Séraphine alisema kwa sauti, bila kukusudia.

Mwenye simu hakuipokea tena. Alikuwa kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi hata kwenye ukosi, na bisibisi mbili zikichungulia katika mfuko wa kifuani, mahali ambapo watu wengine huweka kalamu.

"Nani amesema vile?"

"Ni miye. Hiyo muziki iko ya mchezo ya video, ngazi ya maji, pale mutu anazama kama hana pumzi."

"Maman wangu! Miaka ine nazunguka na hii simu muji muzima, watu wananiambia ni alarme ya frigo."

"Na ni kweli iko kama alarme ya frigo."

"Sasa weye ulijuaje?"

"Niko mu Sauti za Kaseti."

Kijana alimtazama kana kwamba amekutana na ndugu wa tumbo moja katika nchi ya ugenini. "Unaitwaje mule?"

"Sindano."

"Sindano! Weye njo ulinibishia wiki mbili nzima ju ya ngoma ya ngazi ya mwisho!"

"Na nilikuwa na haki. Basi weye ni Fundi Waya." Alimwangalia kutoka viatu hadi bisibisi. "Nilifikiri uko muzee mwenye tumbo."

"Tumbo inakuja. Niite Zagabe."

Simu ililia tena, ikaimba mpaka ikachoka, na hakuna kati yao aliyeikumbuka.

Yafaa nieleze jambo hilo la Sauti za Kaseti. Lilikuwa jukwaa la mtandaoni la watu mia nne na ushei, wa Bukavu, Bujumbura, Lubumbashi na hata Mombasa, waliokusanya muziki wa michezo ya video: hasa ile ya zamani, ya kaseti za plastiki zilizochomekwa katika mashine na kupulizwa kwa mdomo zilipogoma. Watu wazima wenye kazi na watoto walipelekeana humo vipande vya nusu dakika, kama wengine wanavyopelekeana picha za harusi. Sheria ilikuwa moja, na msimamizi wao, bwana mmoja wa Lubumbashi aitwaye Stanislas, aliilinda kama kasisi alindavyo tabenakulo: kila wimbo uandamane na kitambulisho cha mistari mitatu, yaani mchezo, mtunzi na muda. Asiyemjua mtunzi aandike "hajulikani". Asibuni.

Tangu siku ile ya bandarini, simu ya Séraphine haikupumzika.

"Allô, Sindano."

"Sindano iko mu kazi. Piga saa kumi."

"Saa kumi iko mbali. Nitakuwa nimezeeka."

"Basi nitapata muzee. Wazee wako na heshima kuliko weye."

Charlène, mshonaji mwenzake, aliinua uso juu ya cherehani. "Kata hiyo simu, dada. Unashona mukono mu kiuno ya gauni."

Na kweli mkono ulikuwa kiunoni. Waliufumua wakicheka mpaka machozi yakawatoka, na Zagabe, upande wa pili wa simu, alicheka nao bila kujua sababu.

Zagabe alikuwa fundi wa redio na vipaza sauti karibu na njia panda ya Feu Rouge, na siku za Jumapili alipiga kinanda katika kwaya ya parokia. Alimletea Séraphine mahindi ya kuchoma yaliyofungwa katika gazeti, na nyimbo zilizofungwa katika simu. Jioni walishuka pamoja hadi Nyamugo, ambako nyumba ya mama yake Séraphine ilikuwa juu ya ngazi za mawe, vidato themanini na vitatu. Hapo chini ya ngazi, jioni moja ya Juni, binti huyo alisimama mbele ya kibanda cha muuza makaa akamwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu wa jukwaani.

"Hapa kulikuwa salle, chumba ya michezo ya video ya papa Jean-Claude. Mashine ine. Kaka yangu Guy alikuwa anashinda humu."

Guy alikufa kwa homa ya matumbo akiwa na miaka kumi na saba. Kila jioni alitoka kibandani akipanda ngazi na kupiga mluzi wa wimbo wa mchezo mmoja, tangu kidato cha kwanza hadi mlangoni.

"Mwanzo ninaushika," Séraphine alisema, akapiga mluzi wa pumzi mbili. "Kisha unapanda. Unapanda, unazunguka, halafu unarudi nyumbani. Nikiusikia nitaujua. Lakini kuutoa mu kinywa siwezi. Kila mwaka kunaanguka kitu."

"Kaseti iliitwaje?"

"Ilikuwa ile ya michezo mingi, haina hata jina. Papa Jean-Claude alifunga, akahama. Niliweka huu mwanzo mu jukwaa miaka mitatu sasa, hakuna aliyejibu. Mwezi wa nane tunamufanyia Guy misa ya miaka kumi. Nilimuahidi Maman siku ile atausikia. Zagabe, huu wimbo njo kitu pekee cha Guy kimebaki mu mwili yangu. Nikiupoteza, nitakuwa nimemuzika mara mbili."

Zagabe alimshika mkono, mkono wenye matundu madogo ya sindano. "Nitautafuta."

Akautafuta kwa kweli, tusimwonee. Alisikiliza mamia ya kaseti za nchi za mbali, aliwaandikia watu ambao hakujua lugha yao, akapoteza wateja wawili waliochoka kungoja redio zao. Juni ikaisha, Julai ikaisha. Hakupata kitu. Kila jioni Séraphine alimwuliza kwa macho, na kila jioni yeye alitazama viatu vyake.

Hapo mtu mwema alifanya kosa la mtu mwema, nalo ndilo kosa lisilopigiwa kelele mpaka limekwisha kuota mizizi. Alikaa mbele ya kinanda chake, akauchukua ule mwanzo wa pumzi mbili, akaupandisha, akauzungusha, akaurudisha nyumbani kama alivyosimuliwa. Aliupunguza sauti ukawa mwembamba wa kielektroniki, akautia mikwaruzo ya kaseti kuukuu. Kisha akauweka jukwaani: "Mchezo: hauna jina. Mtunzi: hajulikani. Muda: dakika moja na sekunde sita." Akasema aliupata kwa mtu wa Bujumbura.

Séraphine aliusikiliza akiwa kazini. Mwanzo ulipofika ukingoni mwa kumbukumbu yake na kuendelea kupanda, alisimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Njo wenyewe," alisema. "Charlène, njo wenyewe, ule ule! Guy!"

Alitoka mbio barabarani na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, hata asijue anakokwenda.

Siku ya misa, nyumba ya Nyamugo ilijaa. Shangazi walikuja kutoka kijiji cha Miti na mifuko ya viazi. Zagabe alifunga kipaza sauti kwenye dirisha, akakibonyeza. Wimbo ulipanda, ukazunguka, ukarudi. Wanawake walilia. Maman Adèle, mama wa marehemu, aliusikiliza hadi mwisho huku amefumba macho na kushika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili.

"Asanti, mwanangu," alimwambia Zagabe. "Iko muzuri." Kisha akarudi jikoni.

Usiku huo huo Séraphine aliulizwa na Zagabe swali alilokuwa akilingoja, la posa.

"Kisha Noeli nikimutuma tonton wangu, ndugu ya papa, kwa Maman, atafukuzwa?"

"Inategemea tonton anavaa nini."

"Utamushonea weye."

"Basi hatafukuzwa, chéri."

Zilipita wiki tatu za furaha, na mtu akiwa na furaha hahesabu siku. Aliyehesabu alikuwa Stanislas. Hakuhesabu siku, alihesabu sauti. Asubuhi moja aliandika mbele ya watu wote mia nne: "Ndugu Fundi Waya, mashine za kaseti za aina hii zina makoo matatu ya kuimba na moja la kugonga ngoma. Haziwezi zaidi. Katika sekunde ya arobaini ya wimbo wako nasikia makoo manne yakiimba kwa pamoja. Wimbo huu haukutoka katika mashine. Tueleze ulitoka wapi."

Séraphine alisoma, akasoma tena, akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Niambie Stanislas anadanganya."

Upande wa pili bisibisi iliwekwa mezani.

"Zagabe."

"Hadanganyi. Nilitafuta, Séra. Nilitafuta mpaka macho ikauma. Misa ilikuwa inakaribia, na weye ulikuwa unaniangalia vile... Nikautunga. Mule katikati niliongeza sauti moja, ju wimbo ulikuwa peke yake sana. Nikafikiri hakuna mutu atahesabu."

"Ulimuchezea Maman uongo mu misa ya mutoto wake."

"Nilitaka ucheke."

"Kama ungeniimbia useme 'ni wangu, nimekutungia', ningeupenda mpaka kufa. Weye ukaweka jina ya Guy juu yake!"

"Nisamehe. Usikilize tena mluzi yako ya zamani, usahau yangu..."

"Kusahau? Nimejaribu tangu asubuhi. Ninafunga macho nimutafute Guy kwenye ngazi, na ule wako njo unapanda. Mahali palikuwa wake, umekaa weye."

Akakata simu. Alilitoa jina la Zagabe katika simu, naye mwenyewe akajitoa jukwaani.

Mvua za Septemba zilianza, zikaendelea. Séraphine alishona magauni ya wenzake wenye kuolewa. Asubuhi alipopanda ngazi alijaribu kupiga mluzi, na kila mara, mwanzo ulipokwisha, ulikuja wimbo wa Zagabe, mzuri, laini, wenye kurudi nyumbani. Alijiuma midomo akanyamaza. Ule wa Guy, uliokuwa ukififia nota moja kila mwaka, sasa haukuwa umefifia tu, ulikuwa umefunikwa.

Novemba, saa ya adhuhuri, Zagabe aliingia karakana ya ushonaji akiwa na tope hadi magotini. Shati halikupigwa pasi. Mikononi alibeba kitu kilichofungwa katika blanketi la mtoto.

"Toka hapa," Charlène alimwambia. "Wanauza uongo ku soko, hapa tunashona."

"Nitatoka. Nipe dakika tano." Hakumtazama Charlène. "Séra, nilimupata papa Jean-Claude. Iko Nyangezi, anafuga nguruwe. Mashine moja alikuwa ameificha chini ya kitanda, na kaseti. Nimeitengeneza. Sikugusa kitu kingine, nakuapia, waya ya umeme tu."

Séraphine alisukuma vitambaa pembeni ya meza. Zagabe aliiunganisha mashine na televisheni ndogo ya karakana, akaipuliza kaseti, akaibonyeza. Picha ya kijani ilitetemeka. Muziki ukaanza.

Ulikuwa mwanzo ule ule, nota kwa nota. Kisha, pale ulipopaswa kupanda, ukaanza upya. Ukafika pale pale, ukaanza upya. Sekunde kumi na moja, zikirudia na kurudia bila kwenda popote.

"Endelea ngazi ya pili," Séraphine alisema.

"Nilicheza mpaka mwisho. Michezo yote ya mule. Muziki iko hii tu."

Mvua iligonga bati. Charlène aliacha kukanyaga cherehani.

"Basi pale ulikuwa unapanda..." Séraphine alianza, hakumaliza.

Hakuwa na haja ya kumaliza. Mashine haikuwa na zaidi ya sekunde kumi na moja. Kupanda kulikuwa kwa Guy. Kuzunguka na kurudi nyumbani, vyote alivitunga mwenyewe, kijana wa miaka kumi na saba, akipanda vidato themanini na vitatu mwenye njaa. Jukwaa zima lingetafuta miaka mia lisiupate, kwa kuwa haukuwahi kuwemo katika kaseti yoyote duniani.

Zagabe alikuwa ameelewa tangu Nyangezi. Ndiyo maana hakukaa kitini.

"Ulikuwa mahali pamoja tu," alisema. "Mu kichwa yako. Na miye nikaandika juu yake."

Alilikunja lile blanketi taratibu, akaliweka kando ya mashine, akatoka mvuani. Hakuomba msamaha. Nadhani aliona kwamba kuuomba kungekuwa kumtwisha binti huyo mzigo mwingine.

Jioni Séraphine alimkuta mama yake akichambua maharage mlangoni, akamweleza yote: wimbo wa kutungwa, makoo manne, sekunde kumi na moja. Maman Adèle aliendelea kutupa mawe upande mmoja na maharage upande mwingine.

"Nilijua siku ile ile ya misa," alisema.

"Ulijua? Maman! Ju ya nini ulinyamaza?"

"Niliona unacheka. Tangu Guy aende, sikukuona unacheka na meno yote. Nikasema, acha mutoto acheke, hata kama wimbo iko ya mutu mwingine."

"Ulijuaje kama si wenyewe?"

"Haukumaliza vile. Nyinyi mulikuwa munasikia wimbo. Miye nilikuwa mu jikoni, moshi mu macho, sisikii wimbo. Nilikuwa nangoja mwisho yake tu. Guy alipofika kidato cha juu alimaliza hivi." Na yule mama, bila kuinua uso kutoka kwenye maharage, akatoa kooni nota nne: mbili za kupanda, moja ya kushuka, na ya mwisho iliyokaa pale pale kama mtu aliyeweka mzigo chini. "Nikisikia vile, naweka sahani."

Séraphine alipiga magoti udongoni. "Rudia, Maman. Na mbele yake? Pale katikati?"

"Katikati sijui, mwanangu. Ningejua atakufa, ningesikiliza."

Walilia pamoja, na maharage yakachanganyika tena na mawe.

Séraphine alichukua siku nne kabla ya kupiga ile namba ya Zagabe, ambayo vidole vyake havikuwa vimeisahau hata kama simu ilikuwa imeisahau.

"Allô?" Alikuwa amepokea kabla haijalia mara ya pili.

"Ule wimbo wako, uliufuta?"

"Nilitaka. Stanislas akakataa. Akasema jukwaa halifuti, linasahihisha. Nikaandika: mtunzi, Zagabe."

"Ni vizuri." Alivuta pumzi. "Maman ameshika mwisho ya Guy. Nota ine. Tuko na mwanzo, tuko na mwisho. Katikati haiko tena, na haitarudi."

Alingoja. Mtu wa muziki akipewa mwanzo na mwisho, mikono humwasha.

"Sitaigusa," Zagabe alisema.

"Kuja Jumapili kisha misa. Ulete ile simu yako inashika sauti vizuri. Na upige shati pasi, siku ile ulikuwa unaonekana kama mufungwa."

Jumapili hiyo mvua ilikuwa imepumzika. Séraphine alivaa gauni la buluu lenye maua ya manjano. Alisimama mbele ya kibanda cha makaa, na Zagabe akaishika simu mbele yake kama anayeshika mshumaa penye upepo. Alipiga mluzi wa sekunde kumi na moja. Kisha alifunga mdomo, wakaanza kupanda.

Simu ilishika viatu vyao juu ya mawe, mbuzi aliyelalamika, mwanamke aliyemwaga maji, pumzi zao zilizozidi kuwa fupi. Kwenye kidato cha thelathini wimbo wa Zagabe ulipanda kichwani mwa Séraphine, kama kawaida yake. Aliuacha upite. Zagabe naye midomo yake ilikaribia kupiga mluzi mara moja, akaikaza. Juu kabisa, mlangoni, maman Adèle aliwaona wanafika, na kwa koo la mwanamke wa miaka sitini aliyevuta moshi wa jikoni maisha yake yote, akaimba zile nota nne.

Séraphine alirudi jukwaani siku hiyo hiyo, akiwa ameketi uani, akaandika: "Mchezo: hakuna. Mtunzi: Guy, wa Nyamugo. Muda: dakika tatu na sekunde nane, pamoja na zilizopotea."

Zagabe alikuwa amebaki amesimama langoni, asijue kama ameitwa kwa kazi hiyo tu au kwa zaidi. Séraphine alisogea upande mmoja wa benchi.

"Ingieni, bugali inapoa," maman Adèle aliita kutoka ndani.

Zile nota nne zilikuwa zimempeleka jikoni kwa mazoea, na mikono yake ilikuwa imekwisha kuweka sahani. Walipoingia waliziona mezani: moja, mbili, tatu, nne, na wao walikuwa watatu. Naye aliziona wakati huo huo. Aliitazama ile ya nne kwa muda mrefu, kisha akaipindua isiingie vumbi, akaiacha pale pale.